Waziri Aliyekaa Matanga

Katika nchi ya Neemani, ambayo msomaji asihangaike kuitafuta kwenye ramani maana wachora ramani bado wanasubiri kibali, kufa hakujawahi kukatazwa. Mtu yeyote anaruhusiwa kufa, siku yoyote, hata sikukuu. Serikali ya Neemani ni sikivu na haiingilii mambo ya watu. Kilichokatazwa ni kufiwa bila utaratibu.

Ndiyo maana ikaundwa Wizara ya Majonzi, Faraja na Uwekezaji, yenye jengo la ghorofa kumi na moja, lifti mbili na mnasihi mmoja. Mnasihi ndiye aliyeajiriwa kukaa na wafiwa na kuwafariji. Kwa kuwa alikuwa peke yake, na kwa kuwa wizara inathamini ubora, alipelekwa ng'ambo kujifunza jinsi wenzetu wanavyolia. Huu ni mwaka wake wa sita. Barua zake za mwanzo zilisema masomo yanaendelea vizuri. Za karibuni zinasema ameoa.

Bi Nambua, mshonaji wa sare za shule wa Mtaa wa Subira, hakuwa na sababu ya kuyajua haya mpaka Jumanne moja alipompeleka binti yake Tumsifu Hospitali Kuu kujifungua. Tumsifu alikuwa mwanawe wa pekee, mwalimu wa chekechea, mcheshi, fundi wa chapati, mwenye mdomo wa kumsema mama yake mbele za watu. Mlangoni aligeuka akamwambia, "Mama, nenda kanipikie uji. Usinisimamie hapo kama mlinzi wa benki."

Bi Nambua akaenda kupika uji. Aliporudi na chupa yake, saa nane na nusu mchana, mlinzi wa geti alimkabidhi mfuko wa nguo, ndala mbili zote za mguu wa kushoto, na karatasi yenye mhuri. Kwenye nafasi ya sababu ya kifo palikuwa pameandikwa, "Siku zilifika." Na mtoto? Karatasi za vifo vya watoto wachanga zilikuwa zimeisha siku hiyo, apite wiki ijayo.

"Alikuwa na nani?" Bi Nambua aliuliza. "Wakati anakata roho, alikuwa na nani? Alisema nini?"

"Mama yangu," mlinzi akasema, na hakusema kwa ubaya, "mimi nalinda geti."

Tangu hapo Bi Nambua hakutaka kitu kingine duniani ila jibu la swali hilo. Alizika, akapokea wageni, akaambiwa ajikaze. Siku ya arobaini jamaa walipokuja kukunja mkeka na kuanua matanga, akaukalia akakataa. Kwao mtu haanui matanga ya kifo asichokijua. Jamaa wakanong'ona kuwa majonzi yamempanda kichwani, wakala wali, wakaondoka.

*

Alianza kwa njia halali, kama raia mwema. Alipiga simu ya faraja, ambayo hupokewa mchana kutwa na sauti ya mashine yenye adabu kuliko watumishi wote wa serikali. "Karibu Faraja. Pole kwa msiba. Kama umefiwa na mzazi, bonyeza moja. Kama umefiwa na mwenzi, bonyeza mbili. Kama umefiwa na mtoto, huduma hii itaanza hivi karibuni. Kusikiliza wimbo wa wizara, subiri." Akausikiliza ule wimbo hadi ubeti wa nne.

Akaenda mwenyewe wizarani. Dirisha la kwanza lilihakiki kama kweli ana huzuni. Dirisha la pili lilimpa fomu. Fomu ilimtaka aweke alama kwenye kiwango cha majonzi yake, kidogo, wastani au kikubwa, na aeleze maoni ya marehemu kuhusu huduma aliyopata. Chini kabisa palikuwa na mstari wa sahihi ya marehemu.

"Marehemu atatiaje sahihi?" akauliza.

Karani, binti aliyekuwa anakula karanga kwa uangalifu mkubwa, akamtazama kwa huruma. "Wengine huwa wanawahi kabla, mama."

Dirisha la tatu lilimpa msaada wake kamili: kalenda yenye picha ya Waziri akitabasamu, na leso moja ya karatasi. Leso alitakiwa kuirudisha.

Basi Bi Nambua akasimama katikati ya ule ukumbi, kalenda mkononi. Mpaka dakika ile alikuwa na huzuni tu. Sasa alikuwa na hasira, tena si ile hasira ya kupiga kelele. Ilikuwa hasira ya mshonaji, inayokaa chini, inayotunga uzi, isiyo na haraka. Alitaka mtu alipe. Sisi tunaosimulia tungependa kusema alitaka haki, maana neno hilo linapendeza zaidi kwenye hadithi, lakini uongo haufai: alitaka mtu aumie.

*

Jirani yake Mwasiti, mjane muuza vitumbua mwenye ulimi usiojua kupumzika, ndiye aliyemwambia hayuko peke yake. "Shoga, mimi badala ya marehemu mume wangu walinipa mtu mwingine, nikamwosha nusu nzima, ndipo nikaona ana kidole cha sita. Unadhani walinipa pole? Walinipa kalenda."

Wakaanza wawili, wakawa kumi, wakawa mia nne. Waliandika madai matatu, kwa maneno ambayo hata waziri angeyaelewa. Kwanza, kila hospitali iwe na mtu wa kumketisha mfiwa na kumweleza ukweli wa kifo, uso kwa uso. Pili, pawe na chumba chenye mlango, mtu alie bila kusukumwa na toroli. Tatu, mfiwa atembelewe nyumbani mpaka arobaini, asiachiwe mashine ya simu.

Walipoyapeleka wakiwa wamebeba mikeka vichwani, polisi waliwatawanya kwa kosa la kulia kwa pamoja bila kibali. Lakini habari zilishaenea, na Mheshimiwa Gozibert Tandala, Waziri wa Majonzi, akalazimika kuhutubia.

"Ndugu wananchi!" alisema redioni. "Nchi nyingine zinatuonea wivu. Machozi ni rasilimali! Sisi tumebarikiwa vifo vya kutosha, swali ni je, tunavitumiaje? Serikali inaandaa mkakati, na mkakati huo utakuwa na mkakati wake wa utekelezaji. Wakati huo huo, nawasihi: lia kidogo, jenga taifa!" Akaongeza kuwa Bi Nambua ameteuliwa kuwa Balozi wa Tabasamu wa wilaya.

Bi Nambua aliutumia waraka wa uteuzi kuwashia jiko.

*

Uchaguzi ulipokaribia, washauri wa Waziri waligundua kuwa wafiwa wanapiga kura. Marehemu pia walikuwa wanapiga kura, lakini hao walikuwa na chama tayari. Wakamshauri Mheshimiwa aende kwa yule mama mwenyewe, akae naye kidogo, apigwe picha. Wakasikia matanga yake hayajaanuliwa, mwaka umepita. "Safi sana," akasema Waziri. "Hatuhitaji hata kusubiri mtu afe."

Alifika Jumamosi asubuhi na magari tisa, bendi ya tarumbeta na redio tatu zilizotangaza moja kwa moja. Chini ya turubai mbele ya nyumba, Bi Nambua alikuwa ameketi mkekani na wanawake wenzake. Mpiga picha akamnong'oneza Waziri kwamba akivua viatu na kuketi chini ataonekana mnyenyekevu. Waziri akavua viatu, akaketi. Akashika mkono wa Bi Nambua, akatikisa kichwa mara tatu kuelekea kamera, akasema, "Mama yangu, kilio chako ni chetu." Alipotimiza dakika nne akafanya kama anayeinuka.

"Mheshimiwa," Bi Nambua akasema, bado kaushika mkono wake, "unakwenda wapi? Matanga hayajaanuliwa."

Hapa msomaji aelezwe jambo moja. Miaka miwili nyuma alikufa mama mkwe wa Mkuu wa Nchi, na mawaziri waliketi mkekani dakika mbili, wakapigwa picha, wakakimbilia uwanja wa mpira. Mkuu wa Nchi akakasirika. Ili kumpoza, waziri mmoja mwenye bidii alitunga Sheria ya Kukaa Matanga: kiongozi yeyote wa umma atakayevua viatu na kuketi kwenye mkeka wa msiba haruhusiwi kuondoka mpaka mfiwa mkuu aanue matanga. Akiondoka, anapoteza cheo, kiinua mgongo, na haki ya kuitwa mheshimiwa. Waziri huyo alipigiwa makofi dakika saba. Jina lake lilikuwa Gozibert Tandala, na mchimba kisima huingia mwenyewe.

Mwanasheria wa wizara aliisoma ile sheria mara mbili, akiwa amesimama mbali na mkeka, na viatu vyake amevikaza kamba. "Mheshimiwa," akasema hatimaye, "umeitunga vizuri mno."

"Mama," Waziri akamgeukia Bi Nambua, "utaanua lini?"

"Bado nalia, baba," Bi Nambua akamjibu. Macho yake yalikuwa makavu, na kwa mara ya kwanza tangu Jumanne ile, moyo wake ulipata raha. Aliionea haya raha hiyo kidogo tu, kisha akaacha kuionea haya.

*

Waziri alijaribu kila mlango. Alimtuma naibu wake aje akae badala yake, lakini sheria haikuruhusu uwakilishi, kifungu cha nne, alichokiongeza yeye mwenyewe kwa kalamu. Alimpigia Mkuu wa Nchi, ambaye kwa muda mrefu alikuwa anasikia kwamba Gozibert anakitolea macho kiti chake. "Sheria ni sheria, Gozi," Mkuu wa Nchi akamwambia kwa sauti tamu. "Msalimie mfiwa." Akakata simu.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu Mwasiti alimletea Mheshimiwa ndoo ya viazi na kisu. "Menya, baba. Huku msibani hakuna anayekaa bure." Naye akamenya, suti na yote, akitoa maganda manene kiasi kwamba Mwasiti alitangaza kuwa sasa ameelewa kwa nini fungu la wizara huwa haliwafikii wananchi.

Kisha wafiwa wakaanza kufika. Hakuna aliyewaita, redio ziliwaita. Walitoka wilaya zote, wakapanga foleni kuzunguka nyumba, na kila mmoja alipofikiwa aliketi mbele ya Waziri akamsimulia msiba wake. Mzee mmoja alieleza jinsi alivyomtafuta mkewe wodini siku mbili, akielekezwa kitanda hiki na kile, kumbe amezikwa na manispaa. Mama mmoja alisimulia alivyopewa habari ya mumewe kwa kipaza sauti, kati ya tangazo la gari lililoegeshwa vibaya na tangazo la chai. Mwingine alimpa Waziri kalenda ya mwaka jana yenye picha ya Waziri mwenyewe, akaenda zake.

Mwanzoni Waziri aliwajibu kwa ufasaha. "Tumelipokea, tunalifanyia kazi." Bi Nambua akamkataza. "Mheshimiwa, msibani mtu hajibu. Anasikiliza." Siku ya tano akaacha kujibu. Siku ya saba akaacha kusinzia, maana kila akisinzia msimulizi alianza tena mwanzo. Siku ya nane alilia, na wapiga picha wakajisogeza haraka, lakini Mwasiti akawafukuza kwa mwiko. "Analilia kitanda chake huyo. Msituharibie msiba."

Bi Nambua alimtazama akilia. Alikuwa amelitamani jambo hilo mwaka mzima, alilipanga usingizini na kwenye cherehani. Akaona halitoshi.

*

Siku ya tisa, kwenye foleni, alifika mwanamke mmoja mwembamba aliyevaa sare nyeupe. Akajitaja: Eliwaza, nesi wa wodi ya wazazi, Hospitali Kuu. Hakuketi mbele ya Waziri. Aliketi mbele ya Bi Nambua.

"Mimi nilikuwepo," akasema. "Mwanao wa kitanda cha kumi na nne."

Mwasiti akaweka mwiko chini.

"Sema," Bi Nambua akamwambia.

"Ile Jumanne tulikuwa na mgeni. Alikuwa anakuja kuzindua Chumba cha Faraja. Tuliamriwa manesi wote na madaktari wote tujipange uani kuanzia saa nne, na sare mpya, tumwimbie akishuka garini. Wodi ikafungwa mlango ili wagonjwa wasisikike kwenye video. Saa tano mgeni hajaja. Saa sita hajaja. Mwanao damu zilikuwa zinamtoka. Alikuwa anaita. Mimi nilikuwa mwisho wa mstari, karibu na dirisha, nikamsikia. Aliita mama. Halafu akaniita mimi kwa jina, maana asubuhi alilisoma kifuani pangu." Eliwaza akaendelea. "Msimamizi alisema atakayetoka mstarini amejifukuza kazi. Sikutoka. Saa saba akaacha kuita. Mgeni alifika saa nane, akakata utepe, akaenda. Kile chumba hakijawahi kufunguliwa tena. Kochi lake bado lina nailoni."

Hapakuwa na haja ya kuuliza mgeni alikuwa nani. Watu wote chini ya turubai walikuwa wanamtazama, na yeye alikuwa anakitazama kiazi mkononi mwake.

Watu walitarajia Bi Nambua amkumbatie yule nesi, maana ndivyo inavyokuwa kwenye michezo ya redio. Hakumkumbatia. Aliweka mikono mapajani. Kisha akalia. Alilia kwa sauti kubwa, kilio kile alichokiwekea kizuizi mwaka mzima kwa kutojua akililie nini, na kwa kuwa kilio huanza na mfiwa, foleni yote ikaitikia mpaka mwisho wa mtaa. Polisi waliokuwa wamesimama hapo na sheria yao ya vibali walivua kofia.

Alipomaliza alimwambia Eliwaza, "Umeniambia. Mwaka mmoja umechelewa, lakini umeniambia. Sijakusamehe. Kaoshe sufuria." Naye Eliwaza akaenda kuosha sufuria, akazisugua mpaka zikang'aa nje na ndani.

*

Siku ya kumi Waziri aliomba kalamu. Aliyatia sahihi madai yote matatu pale pale mkekani, hewani, redio zote zikisikiliza: mtu wa kusema ukweli katika kila hospitali, chumba chenye mlango usiofungwa kwa kufuli, na wageni wa kumtembelea mfiwa siku arobaini. Kwa bidii akaongeza la nne, kwamba fomu zote za majonzi zichomwe. Mkuu wa Nchi alithibitisha kabla ya chakula cha mchana, kwa kuwa naye uchaguzi ulimhusu. Vigelegele vikapigwa. Mwasiti alicheza na mwiko wake. Wazee waliotoka mbali walishikana mikono, na tuseme kweli, ilikuwa siku nzuri.

Waziri akavuta kiatu kimoja, akakivaa. Akavuta cha pili.

"Sasa mama yangu," akasema, "anua matanga, twende tukajenge nchi."

"Ulivyotia sahihi ni vya hawa," Bi Nambua akamjibu. "Wao walikuomba, umewapa, wamekushukuru. Mimi sijakuomba kitu bado."

Kiatu cha pili kikabaki mkononi.

"Ulitakiwa saa nne, ukafika saa nane. Mwanangu alikuwa anakata roho katikati hapo. Nimeshaelezwa yeye alikuwa wapi. Sasa nieleze wewe ulikuwa wapi. Saa zote nne, ulikuwa na nani, ulifanya nini, ulisema nini. Ukimaliza bila uongo, nakunja mkeka huu kwa mikono yangu."

Waziri nusura acheke kwa nafuu. Kuongea ndiyo kazi iliyomkuza. Akavua tena kiatu, akakohoa kidogo. "Saa nne asubuhi nilikuwa kwenye kikao cha dharura cha kutathmini..."

"Mzee," dereva wake akaita kutoka kwenye gari, naye kwa siku kumi alikuwa analala kwenye kiti chake humo humo, "saa nne ulikuwa bado kitandani."

"Anza upya," Bi Nambua akasema.

Ikawa hivyo. Ilimchukua siku mbili kufika kwa kinyozi. Ilimchukua wiki kukubali kwamba alijaribu tai tatu, na mke wa nani alimchagulia ile ya bluu. Sasa anaijua njia yake vizuri, anaisimulia kwa mwendo mmoja: kitanda, kinyozi, supu, tai, hoteli, mbuzi wa kuchoma. Anafika saa saba kasoro dakika kumi, pale hotelini, msaidizi wake anaingia na kumwambia, "Mheshimiwa, hospitali wanakusubiri, na wagonjwa wameachwa peke yao." Hapo anasimama.

Alichojibu kila mtu mkekani anakijua, maana dereva, aliyekuwa mlangoni pale hotelini, alishakisema siku ya kwanza ya maelezo hayo. Alisema, "Wasubiri. Wagonjwa wana haraka ya kwenda wapi?" Kisha akaagiza maini.

Lakini dereva hakuulizwa. Aliyeulizwa ni Waziri, na redio bado zinasikiliza.

Huko hospitalini mambo yamebadilika. Juzi tu mzee mmoja alifiwa na mkewe, akaketishwa kwenye kochi, akaelezwa kila kitu na nesi aliyemshika mkono, na nesi huyo ni Eliwaza. Wakubwa wa Neemani wanajivunia mafanikio hayo na wameyatengenezea kalenda. Chini ya turubai Mtaa wa Subira, Bi Nambua ameileta cherehani yake, anashona sare za muhula mpya huku anasikiliza. Waziri anafika kwenye mbuzi wa kuchoma. Msaidizi anaingia, anasema yake. Mguu wa Bi Nambua unaacha kukanyaga, cherehani inanyamaza, wanawake wote wanainua nyuso.

"Nikamjibu," Waziri anasema. "Nikamjibu..." Anamtazama yule mama. "Sikumbuki."

"Anza upya, baba," Bi Nambua anamwambia. "Mimi sina haraka ya kwenda popote."